Mvumo

Kunjumon wa Ruwi hana haraka ya kuuza.
"Tazama kwanza," husema, kwa Kiarabu chake cha Kerala,
nami namjibu kwa changu cha Unguja,
tukaelewana kuliko wenye lugha yao.
Duka lake lina upana wa mkeka mmoja.
Kapasita nzuri ziko droo ya chini kabisa.
Nikapiga magoti. Cha mvunguni, nikajisemea,
leo nimekiinamia kweli,
na goti langu la miaka hamsini na minane ni shahidi.

Rizista kumi kwa baisa hamsini.
Transfoma ya duara, nzito kama chapati ya chuma,
rial nne; akapunguza nusu kwa kuwa nilikohoa.
Fuwele ya saa, ndogo kuliko ukucha wa mtoto,
ndiyo itakayopiga mapigo mamilioni kwa sekunde
ili kila tarakimu ijue zamu yake.
Lakini chipu yenyewe, moyo wa kigeuzi, hana.
"Agiza China," akasema, "kisha uombe dua."

Nikaagiza. Nikaomba.
Mzigo ukalala forodhani siku kumi na tisa.
Ulipofika nikaipangusa chipu kwa spiriti na pamba,
jina likatoka lote
kama wanja kwenye shavu la biharusi anayelia.
Chini yake jina jengine,
nalo limekwanguliwa kwa msasa.

Sasa sikiliza. Dada yangu Shinuna, kule Maabela,
ana deki ya sidii ya marehemu Mundhir,
stoo, chini ya mazulia ya msimu wa baridi.
Haisomi tena, lakini chipu yake ni ile ile niliyoiota.
"Utaivunja?"
"Nitaifungua."
"Kwenu mafundi ni kitu kimoja."
Akamimina chai, hakuniongezea sukari.

Siku ya tatu akaniletea mwenyewe,
imefungwa kwa kanga, na juu yake kadi ya kumbukumbu.
"Cha mwanzo kusikika kiwe hiki.
Simu inamfanya aseme kama yumo ndani ya kopo."

Sikunywa kahawa siku nzima, mkono usitetemeke.
Miguu ishirini na minane, jongoo mweusi,
nikaung'oa mmoja mmoja, lehemu ikitoa moshi wake mtamu,
nje Agosti, nyuzi arubaini saa nne za usiku.
Mguu wa kumi na moja ukapinda.
Nikautazama kwa muda mrefu kabla sijauthubutu.

Mundhir alikuwa mpimaji ardhi.
Hakuacha mashairi, hakuacha wasia.
Aliacha masaa sita ya jangwa la Haima:

"Kumi na mbili, nukta nne sifuri.
Thelathini na moja, nukta saba.
Shika fimbo wima, Hashil.
Wima, nimesema. Hiyo imelala kama wewe."

Miezi minne nahangaika tarakimu ziwe sauti,
na sauti ilipotoka, ikatoka inataja tarakimu.
Nikataka kucheka.
Shinuna alikuwa ameshika ukingo wa meza.
Kati ya nukta na saba nikamsikia Mundhir anameza mate.
Upepo, karatasi, kalamu inayokataa kuandika.

Na chini ya yote, mvumo.

Maradhi hayo nayajua: waya wa ardhi.
Nikaukaza. Nikazima eisi.
Nikazima friji, nikachomoa chaja za watoto,
nikauhamishia mtambo mzima kwenye betri ya gari,
jasho linanidondoka juu ya bodi.
Mvumo upo, mnene, hautetereki.

"Unatafuta nini?"
"Kuna mvumo. Kazi yangu ina kasoro mahali."

Akainamisha sikio karibu na spika,
kama anayesikiliza chungu kama kimeiva.

"Hilo gari lake," akasema.
"Kule haizimi. Akiizima haiwaki tena,
na Hashil hajui kusukuma."

Kisha, bila ya kunitazama:
"Washa friji, maziwa yataharibika.
Na rudisha mwanzo."